Kufufua na Kutunza Malori ya Zamani ya Kijeshi, Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Arusha, Moshi na maeneo ya jirani ambao wamenunua, wamerithi au wanakusudia kununua lori la zamani la kijeshi, pamoja na mafundi watakaokabidhiwa kazi hiyo. Mkazo umewekwa kwenye Bedford, Land Rover na Unimog, ingawa mengi yanayosemwa yanafaa pia kwa GMC ya Kimarekani au ZIL ya Kirusi.

Malori haya yalifikaje huku kwetu?

Yalifika kwa njia kadhaa, na ni vyema mwenye lori ajue lake lilipitia ipi, kwa sababu njia hiyo ndiyo inayoeleza limechakaa wapi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilibaki na ziada kubwa ya mitambo ya kijeshi, na sehemu ya ziada hiyo iliingia Tanganyika. Mfano maarufu ni mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ambako mabaki ya vita yalipelekwa kufyeka pori, yakiwemo matrekta ya Shervick yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Kundi la pili ni magari yaliyotumika jeshini au serikalini kisha yakauzwa kwa mnada. Kundi la tatu ni Bedford zilizouzwa na jeshi la Uingereza, zikafungwa viti na turubai kwa ajili ya watalii, zikaendeshwa kutoka Ulaya kuvuka bara zima la Afrika, na baadhi yake hazikurudi tena zilikotoka.

Lori lililofanya kazi shambani kwa kawaida huwa na springi zilizochoka na chesisi iliyobebeshwa kupita kiasi. Lililotoka mnadani mara nyingi halina altaneta, starta wala pampu, kwa kuwa vitu hivyo hung'olewa lingali limeegeshwa uwanjani. Lililobeba watalii limetembea umbali mrefu sana, lakini limehudumiwa, na kwa maoni yetu hilo ndilo la kununua kama bei zinakaribiana.

Anayeanza achague aina gani?

Achague lile ambalo injini yake iliwahi kuuzwa pia kwa raia. Jibu hili huwakatisha tamaa wanaotaka gari adimu, lakini uadimu ni gharama ya kila mwezi. Bedford zilitengenezwa na kampuni ya Vauxhall huko Luton na Dunstable, Uingereza, kiwanda kilichotoa malori yapatayo 250,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili peke yake. Bedford RL ya miaka ya 1950 na 1960 ina injini ya petroli ya lita 4.9, na Bedford MK iliyofuata ina injini ya lita 5.4 inayotumia dizeli. Injini za ukoo huo zilifungwa pia katika malori ya kawaida ya TJ na TK ambayo wazee wengi wa hapa waliyaendesha, na ndiyo maana gasketi na ringi za pistoni bado zinapatikana. General Motors ilifunga biashara hiyo ya malori mwaka 1986, lakini India na Pakistan zilikuwa zimeshaunda Bedford zao kwa wingi, na spea kutoka huko zingali sokoni.

Land Rover, iliyozinduliwa mwaka 1948, si lori kwa maana kamili, ila ndiyo shule bora: ni ndogo, inafunguka kwa spana, na fundi yeyote mwenye umri wa kutosha anaifahamu. Unimog 404 iliyotengenezwa Ujerumani kati ya mwaka 1955 na 1980 hupanda mahali ambapo wengine hurudi nyuma, lakini injini yake ya petroli ya lita 2.2 ni ndogo kwa kazi inayobebeshwa, na kila gurudumu lina gia zake zenye oili yake ya kukaguliwa peke yake. Mwenye haraka asiinunue.

Ukibahatika kukutana na lori la Nyumbu, lililobuniwa na kuundwa Kibaha na wahandisi wetu wenyewe, tafadhali usiliache liende kwa wauza skrepa, hata kama huna nia ya kulitembeza.

Nikague nini kabla ya kutoa fedha?

Nyaraka kwanza. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ile iliyo kwenye kadi ya gari, na kama lori lilitoka mnadani, muuzaji awe na hati ya mnada inayotaja namba hiyo hiyo. Lori lisilo na kadi si rahisi. Ni mgogoro ulionunuliwa kwa bei ya punguzo. Nenda na muuzaji ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kulipa, wala si baada. Kwa anayeagiza kutoka nje, akumbuke kwamba umri wa gari huongeza ushuru, hivyo aombe makadirio ya kodi kwanza kabla ya kuzungumza habari za meli.

Baada ya hapo lala chini ya gari. Rangi mpya juu ya chesisi ni sababu ya kuwa na shaka, si sababu ya kufurahi. Gonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, hasa pale ribiti zinapoungana na mahali ambapo matope hulala juu ya tangi la mafuta. Chuma kizima hulia, kilichooza hubweka. Tafuta nyufa karibu na mabano ya springi. Zungusha krenki kwa mkono kama inawezekana: injini iliyokaa miaka mingi lakini bado inazunguka ni ya kutengenezwa, na iliyogoma kabisa inahitaji kufunguliwa yote. Vuta kijiti cha oili utazame kama kuna maji. Mengine yote, yaani viti vilivyochanika, taa zilizovunjika na milango iliyokunjamana, ni mambo madogo ambayo hayapaswi kubadilisha uamuzi.

Nianzie wapi nikishalifikisha gereji?

Anzia kwenye magurudumu na breki, umalizie na rangi. Tunaona malori mengi yaliyopakwa rangi nzuri ambayo hayawezi kusimama mteremkoni, na sababu ni kwamba mwenyewe alitaka kuona mabadiliko mapema. Utaratibu tunaoupendekeza ni kulisafisha lori lote kwa maji ya presha, kulipiga picha kila upande, kisha kutafuta kitabu chake cha ufundi kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Majeshi yaliandika vitabu vizuri kwa sababu yalitarajia gari litengenezwe porini na kijana wa miaka 20 aliyefundishwa kwa muda mfupi, na humo mna kila kipimo: nafasi ya vali, nguvu ya kukaza nati za silinda hedi, kiasi cha oili katika kila difu. Vingi vya vitabu hivyo sasa vinapatikana vikiwa vimenakiliwa. Fundi anayekuambia kwamba hahitaji kitabu kwa sababu amefanya kazi miaka mingi anaweza kuwa hodari sana kwenye Fuso, lakini Bedford ya mwaka 1960 itamtafutia aibu.

Kwa nini mnasisitiza sana habari za rimu?

Kwa sababu hapo ndipo watu hufa. Magari mengi ya kijeshi ya Uingereza na Marekani yana rimu za vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa duara la bolti na nati. Duara hilo si lile linaloshikilia gurudumu kwenye habu; ni duara la pili, na kazi yake pekee ni kuzuia vipande viwili visiachane chini ya nguvu ya upepo. Mtu akizifungua nati hizo wakati tairi lina upepo, kipande cha chuma kinaruka kwa kasi inayoweza kumwondolea kichwa. Jeshi la Uingereza lilikuwa na desturi ya kuzipaka nati hizo rangi nyekundu, lakini baada ya miaka mingi ya kupakwa rangi juu ya rangi alama hiyo imepotea, na kijana wa kuziba pancha wa leo hajawahi kuiona.

Kwa hiyo, kabla ya gurudumu lolote la aina hiyo kuguswa, toa sindano ya valvu, upepo wote uishe, upitishe waya kwenye tundu kuhakikisha halijaziba, ndipo kazi ianze. Zipake upya nati za kushikanisha rangi nyekundu. Wakati wa kujaza upepo, gurudumu liwekwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa upepo uwe mrefu, na mtu asimame pembeni, kamwe asisimame mbele ya rimu. Rimu zenye ringi ya kufungia zina hatari ile ile: ringi iliyopinda au iliyoliwa na kutu haigongwi ikanyooka, inatupwa. Kama gereji ya tairi uliyoiendea haina kizimba, ondoka na gurudumu lako.

Tairi zinapatikana?

Zinapatikana kwa vipimo vikubwa. Bedford RL inatumia 11.00-20 na MK inatumia 12.00-20, ambazo ni saizi za malori ya kawaida, na Land Rover hutumia 7.50-16 au 6.00-16. Shida huwa kwenye mchoro wa zamani wa kijeshi, ambao huagizwa kutoka nje. Wenyeji wanaokumbuka kiwanda cha General Tyre hapa Arusha bado huuliza kama kuna akiba ya tairi zake mahali fulani. Hata kama ingekuwepo, tairi la umri huo halifai barabarani. Soma tarakimu 4 zilizo ubavuni: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lisilo na tarakimu 4 limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Nunua tyubu na flapi mpya kila unapobadilisha tairi, kwani flapi iliyokunjamana hukata tyubu kimya kimya.

Breki zinafufuliwaje?

Fungua mfumo mzima, hata kama breki zinaonekana kushika. Mpira wa hosi ya breki huvimba ndani huku nje ukionekana mzima, na matokeo yake ni gurudumu linaloshika na kukataa kuachia, hadi ngoma inapata moto. Badilisha hosi zote. Masta silinda na silinda ndogo za magurudumu zilizochimbika kwa kutu zinaweza kuchongwa na kuwekewa bushi ya chuma kisichoshika kutu, kazi ambayo fundi mzuri wa kukereza anaiweza. Kusugua kwa msasa tu ni kuahirisha tatizo.

Kuhusu maji ya breki kuna makosa mawili yanayorudiwa kila siku. La kwanza ni kuosha raba za breki kwa petroli, dizeli au oili ya injini. Raba hizo huvimba na kuharibika. Zioshwe kwa maji ya breki yenyewe au spiriti safi. La pili ni kuchanganya aina. Malori mengi hutumia DOT 3 au DOT 4, ambayo hunyonya unyevu kutoka hewani na kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, lakini magari ya kijeshi ya Marekani ya kuanzia miaka ya 1980 yalijazwa DOT 5 yenye silikoni. Aina hizi mbili hazichanganywi. Kama hujui lori lako lina ipi, mwaga yote, badilisha raba, anza upya.

Pale breki za maji zinaposaidiwa na upepo, kama ilivyo kwa Bedford nyingi za kijeshi, mwaga maji ya tangi la upepo kila jioni. Vumbi la viatu vya breki vya zamani lina asbesto, ambayo husababisha saratani, hivyo lisipulizwe kwa kompresa hata mara moja. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa kinachotupwa.

Petroli ya sasa haina risasi. Je, itaua injini yangu?

Haitaiua, ila inaweza kuila polepole. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na injini za zamani zenye silinda hedi ya chuma cha kumimina zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya vali za kutolea moshi. Dalili ni nafasi ya vali inayopungua kila mara unapoipima. Dawa ya kudumu ni kuweka viti vya chuma kigumu siku injini itakapofunguliwa kwa sababu nyingine. Lori linalotembea taratibu mara moja kwa wiki linaweza kusubiri miaka mingi kabla ya kulihitaji hilo.

Kwa nini lori langu lina nguvu Moshi na linachoka Arusha?

Moshi iko takriban mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na Arusha iko karibu mita 1,400. Katika kimo cha Arusha kanieneo ya hewa imepungua kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na pwani, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari hutoa petroli nyingi kuliko hewa inayoingia, hivyo plagi huwa nyeusi na lori hunywa mafuta bila faida. Jeti ndogo kidogo husaidia. Injini ya dizeli huonyesha tatizo hilo kwa moshi mweusi, na fundi wa pampu anaweza kupunguza kiasi cha mafuta.

Kimo hicho hicho hugusa upozaji. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi Arusha, na kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, huchemka kwenye nyuzi 92. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta chenye springi iliyochoka, ambacho hakina madhara Tanga, kinatosha kulichemsha lori lako kwenye mpando wa Mto wa Mbu kuelekea Karatu. Kifuniko kizima cha pauni 7 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 10, na ni kipuri cha bei ndogo kabisa.

Hapa lazima tuseme jambo kuhusu thermostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Mafundi wengi huitoa na kuitupa wakiamini kwamba wanaisaidia injini ipoe. Injini inayotembea baridi haichomi mafuta vizuri, hukusanya uchafu ndani ya oili na silinda zake huliwa haraka, na katika baadhi ya injini maji hupita njia fupi bila kuingia kwenye rejeta inavyotakiwa. Kama lori linachemka, rejeta imeziba au pampu imechoka. Litafutwe tatizo lenyewe. Usijaze rejeta maji ya kisima. Maji ya miteremko ya Mlima Meru yana madini mengi na huacha ukoko kwenye mirija. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri, ukichanganya na dawa ya rejeta. Baridi ya kugandisha hatuna, lakini dawa hiyo huzuia kutu.

Umeme wa volti 24 unanisumbua. Nibadilishe kuwa wa volti 12?

Kwa Land Rover ndogo iliyopoteza nyaya zake zote, unaweza kufikiria hivyo. Kwa Bedford au Unimog hapana, kwani starta ya volti 24 ni nguvu unayoihitaji. Tatizo linaloletwa gereji mara nyingi halitokani na volti 24 zenyewe bali na redio. Mtu hufunga redio ya volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili zilizounganishwa kwa mfululizo. Betri hiyo huishiwa huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote zimekufa. Nunua kipunguza volti, ndipo ufunge redio. Betri zibadilishwe mbili kwa pamoja, za ukubwa na umri mmoja.

Kabla ya kuchomelea kitu chochote kwenye gari, toa waya za betri na za altaneta. Magari ya Kimarekani ya Vita Kuu ya Pili kama Willys hutumia volti 6, na hapo nyaya nene na maungio safi ndiyo siri yote.

Oili gani iende kwenye giaboksi?

Iwe ile inayotajwa na kitabu, na kwa kawaida iwe ya daraja la GL-4 au la chini yake. Oili ya GL-5 inayopatikana kila duka ina dawa za salfa ambazo, katika mchanganyiko wa aina fulani, huzila bushi za shaba na brasi zilizomo kwenye giaboksi za zamani. Difu nyingi huivumilia GL-5, giaboksi haziivumilii.

Gia zinalia kila nikibadilisha. Giaboksi imekufa?

Huenda dereva ndiye hajazoea. Giaboksi nyingi za zamani hazina sinkro, yaani kifaa cha kulinganisha kasi ya gia zinapoingia, kwa hiyo klachi hukanyagwa mara mbili: unakanyaga, unatoa gia na kuiweka huru, unaachia; wakati wa kushusha gia unagusa mafuta kidogo ili kasi ya gia zilingane, ndipo unakanyaga tena na kuingiza. Madereva wastaafu wa malori ya pamba na kahawa wanaifanya bila kufikiri, na ukimwomba mzee mmoja akukalie pembeni asubuhi moja katika barabara tulivu ya Kisongo, utajifunza zaidi ya lolote tunaloweza kuandika hapa. Gia iamuliwe kabla ya mteremko kuanza, kamwe si katikati yake. Vile vile, gia ya kuvuta magurudumu yote isitumike kwenye lami kavu, kwa sababu ekseli za mbele na nyuma hushindana na kitu dhaifu zaidi ndicho kinachovunjika.

Spea nitazipata wapi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni kwamba sehemu kubwa ya unachokihitaji si spea ya kijeshi. Beringi ina namba ubavuni, na namba hiyo ni ya kimataifa: 6205, kwa mfano, ni milimita 25 kwa 52 kwa 15, iwe imetoka kwenye lori, pampu ya maji au mashine ya kusaga. Sili za oili hupimwa kwa kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Mikanda, hosi, krosi za propela, viatu vya breki vinavyobandikwa upya na majani ya springi vyote hupatikana kwa kupeleka sampuli na kipimo badala ya kupeleka jina la gari. Muuza duka akisikia "Bedford ya jeshi" atasema hana; akiona beringi mkononi mwako ataitoa rafuni.

Zunguka kwanza Unga Limited hapa Arusha na eneo la viwanda Moshi, kisha Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi. Mafundi wa kukereza wa huku wanachonga bushi, pini na hata gia ndogo kwa ubora mzuri, mradi uwape chuma cha aina inayofaa na sampuli ambayo haijaliwa. Ukiwapa pini iliyokwisha, watakutengenezea kwa uaminifu pini nyingine iliyokwisha.

Jihadhari na nyuzi za bolti. Magari ya Kiingereza ya kabla ya miaka ya 1950 yana nyuzi za Whitworth na BSF, ya baadaye yana UNF, na ya Kijerumani yana za milimita. Bolti ya milimita huingia mizunguko miwili mitatu kwenye tundu la UNF kisha hukaza, na fundi mwenye nguvu huilazimisha. Tenga spana na bolti za kila aina katika sanduku lake.

Niweke injini ya Isuzu au Toyota?

Maoni yetu yamegawanyika kulingana na kazi ya gari. Lori linalobeba mchanga au wageni kila siku linastahili injini ambayo spea zake ziko kila mtaa, na injini ya Perkins au Isuzu ya dizeli ndani ya Bedford imewafaa wengi. Lori unalolifufua kwa sababu ya historia yake libaki na injini yake. Kwa vyovyote vile, injini iliyotolewa ifungwe mashimo, ipakwe oili, ihifadhiwe. Atakayelimiliki baada yako anaweza kuwa na nia nyingine. Mabadiliko ya injini yaandikwe kwenye kadi ya gari, la sivyo yatakusumbua siku ya kuuza.

Vipi kuhusu kuchomelea chesisi na kutengeneza bodi?

Chesisi za malori haya zimeunganishwa kwa ribiti ili zijipinde kidogo njiani. Ufa usichomelewe kwa mstari uliokatisha upande wa juu au wa chini wa chesisi, kwani utapasuka tena pembeni mwa welding. Uzuiwe kwa kutoboa tundu dogo mwishoni mwake, kisha uwekewe bamba la bolti au ribiti lenye ncha zilizokatwa mshazari. Tangi la mafuta lisichomelewe na mtu asiye na ujuzi huo maalumu, hata kama limekaa tupu mwaka mzima, kwa sababu mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Bodi ya mbao ni furaha ya kanda hii, kwa kuwa maseremala tunao. Mninga ni bora kwa mihimili ya sakafu, na msaji huvumilia maji; paini ya mashamba ya Meru inatosha kwa ubavu ikiwa imetiwa dawa. Turubai la pamba lililonyweshwa nta hupumua kuliko la plastiki, ingawa ni ghali zaidi.

Naruhusiwa kulipaka rangi ya jeshi?

Usilipake rangi ya madoa wala kuliwekea alama, nembo au namba zinazofanana na za jeshi letu. Mwezi Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo, na ingawa tangazo hilo lilihusu mavazi, linatosha kuonyesha jinsi suala hili linavyotazamwa. Kijani kimoja kisichong'aa nacho kinaweza kukusimamisha kila kizuizi. Tunawashauri wenye malori wachague rangi ya mchanga, kijivu au buluu, na mwenye haja ya rangi ya asili kwa ajili ya maonyesho aulize polisi kwa maandishi kwanza.

Rangi ya zamani mara nyingi ina risasi na kromati. Isisuguliwe ikiwa kavu. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa, na usifanyie kazi hiyo uani wanapocheza watoto. Saa na geji za wakati wa vita zenye mwanga wa usiku zinaweza kuwa zimepakwa radiamu, ambayo hutoa mnururisho, kwa hiyo zisifunguliwe.

Nimetoka Ziwa Natron. Kuna la kufanya?

Osha siku hiyo hiyo, chini kuliko juu. Vumbi la magadi likikutana na unyevu hula aluminiamu, na bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu iliyofungwa kwenye fremu ya chuma, ambapo kutu ya maungio huanza hata bila magadi. Safisha pia chujio la hewa. Lile la kuogea oili limwagwe na kujazwa upya kila baada ya safari yenye vumbi jingi; oili iliyogeuka tope haichuji kitu.

Lori linakaa muda mrefu bila kutembea. Nilitunzeje?

Litembee angalau mara moja kwa mwezi hadi injini ipate joto kamili, na umbali uwe wa kutosha kuzipasha difu pia. Kuliwasha dakika tano likiwa limesimama ni vibaya kuliko kuliacha, kwa kuwa maji ya moshi hubaki ndani ya ekzosti na oili. Piga grisi kabla ya masika ya Machi, wala si baada, ili maji yasipate nafasi ya kuingia. Liegeshwe juu ya mawe au vigingi kama litakaa zaidi ya miezi mitatu, klachi ikiwa imekanyagwa na kuzuiwa kwa kipande cha mbao ili isigande kwenye gurudumu la injini. Petroli iliyokaa mwaka mmoja imwagwe.

Winchi inahitaji nini?

Oili yake, waya usio na nyuzi zilizokatika, na pini laini ya usalama. Pini hiyo imekusudiwa kukatika winchi inapozidiwa. Ikikatika, weka nyingine ya aina ile ile. Bolti ngumu ikiwekwa mahali pake, kitakachokatika safari ijayo ni waya.

Leseni na bima?

Leseni iwe na daraja linaloruhusu malori, hata kama lori ni tupu na unaenda nalo kanisani. Bima ndogo hupatikana bila shida. Kwa bima kubwa, kampuni nyingi zitataka tathmini, hivyo tunza risiti zote na picha za kila hatua ya matengenezo, kwa sababu mthamini aliyezoea magari ya Kijapani hana pengine pa kupatia bei ya Bedford ya mwaka 1965.